Feni Kumi na Mbili Nyuma ya Bi Harusi

Jumatano, 29 Januari

Joto! Shati limenigandia mgongoni tangu asubuhi. Siku kumi zimebaki Nadhira apambwe. Binti yangu wa pekee. Anaolewa na Muhammad, kijana wa Uroa, mpole, mwenye adabu, hana kosa ila moja: anaishi Uroa.

Jambo linaloninyima raha ni hili. Nadhira huzimia kwa joto. Si deko, ndivyo alivyoumbwa. Alizimia siku aliyohitimu chuoni, msahafu mkononi. Alizimia kwenye harusi ya binamu yake, naye alikuwa mpambe tu. Sasa atakalishwa kwenye kiti mbele ya wanawake mia tatu na arobaini, macho chini, mikono yenye hina juu ya magoti, nguo nzito kama godoro, saa mbili nzima bila kujifuta jasho. Akianguka pale, yatasemwa. Mmoja atasema kapandisha shetani. Wa pili atasema ana mimba. Wa tatu atasema hakumtaka mume. Kabla ya Isha maneno yatakuwa yameshafika Makunduchi, na yatarudi mjini yamenenepa.

Kaja Abdulla, shemeji yangu, kaka yake Amne mke wangu. Anakodisha maturubai, viti na mafeni makubwa ya kusimama. Kakaa kwenye kiti changu, kasema habari zote za baridi nimwachie yeye: mafeni manne, na jenereta kama umeme utakatika. Mafeni yake nayajua! Mwaka jana, kule Jang'ombe, moja lilimeza mtandio wa mama wa bwana harusi, na mama nusura aufuate.

Mimi nimefanya kazi kwenye ghala ya ofisi miaka thelathini na moja. Siku niliyostaafu walikuwa wakitupa kompyuta mbovu. Nikaomba feni zake, zile ndogo za mraba, upana wa kiganja, zinazoipoza kompyuta isiungue kwa moto wake yenyewe. Walinicheka. Zimekaa ndani ya kasha chini ya kitanda miaka minne. Leo nimezitoa na kuzihesabu. Ishirini na moja! Ndogo, kimya, zinafichika popote. Kama zimeweza kuipoza kompyuta, zitashindwaje na mtoto wangu?

Nadhira kanikuta na kasha. Kanipa shikamoo, kakaa, kanishika mkono. Kasema ana ombi moja tu la harusi yake: nisimfanyie kitu chochote. Nikae nje na wazee wenzangu, nipokee pongezi, basi. Nimesema sawa.

Kusema sawa si kuahidi.

Alhamisi, 30 Januari

Jaribio la kwanza. Nimechagua feni kumi na mbili zenye afya. Kila moja ina waya wake na kichwa kidogo cha kuchomeka. Kompyuta yetu ya nyumbani, ukiifungua, ina tundu moja la feni kwenye ubao wake mkuu. Tundu moja, feni kumi na mbili. Jambo dogo. Nimezifunga nyaya zote pamoja kama fungu la mchicha, nimechomeka.

Zikazunguka! Zote! Upepo wa haki, umenipiga usoni. Zimezunguka kwa muda wa kusoma Alhamdu moja bila ya haraka. Halafu harufu. Halafu moshi mwembamba. Halafu kompyuta kimya.

Ndani ya kompyuta ile mna orodha ya Amne ya waalikwa. Majina mia tatu na arobaini, kila jina na mtaa wake. Wiki tatu kayaandika kwa kidole kimoja.

Nimeifunika kwa kanga. Amne kauliza kwa nini kompyuta imevaa kanga. Nimesema vumbi. Kaitazama kanga, kanitazama mimi, kaondoka na kanga. Ilikuwa yake nzuri.

Ijumaa, 31 Januari

Baada ya sala nimeibeba kompyuta kwa Ulfat. Ulfat ni fundi wa kompyuta, kazi yake anaifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, hapa hapa Kikwajuni, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kasoma na Nadhira. Msichana wa maneno machache. Humtazama mtu kama anavyotazama mashine: anatafuta palipoungua.

Nimemwambia kompyuta imekufa ghafla. Kaifungua, kanusa, kauliza feni zilikuwa ngapi.

Nimekiri. Kanieleza taratibu. Tundu lile lina nguvu ya feni moja, zikizidi mbili. Mimi nimemtwika punda mmoja shehena ya lori. Feni nyingi hazipati umeme kwenye ubao. Zinapata kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme wa kompyuta nzima. Nyaya nyekundu zikutane na nyekundu, nyeusi na nyeusi, kila feni ipate haki yake. Volti kumi na mbili. Isizidi. Na nikitaka kuzipunguza na kuzizidisha mwendo, kuna nobu ya kuzungusha, kama ya redio ya zamani, atanipatia.

Orodha ya Amne ni salama! Haikuwa kwenye ubao ulioungua. Kanipa ndani ya flashi. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Kataka kujua feni ni za nini. Nimemwambia, kwa siri. Kasema kazi ile nimwachie, au angalau tuifanye pamoja. "Mficha uchi hazai, Ami," ndivyo alivyosema. Nimemshukuru. Nimemwambia nimeelewa yote.

Nilielewa pale pa punda.

Jumamosi, 1 Februari

Pawa saplai alilonipa Ulfat, pamoja na nobu, ni zito na nyaya zake ni nyingi kama utumbo. Nimekumbuka chaja ya laptop ya Nadhira. Nyepesi, safi, waya mmoja. Imeandikwa volti kumi na tisa. Ulfat alisema kumi na mbili. Lakini kumi na tisa ni zaidi, na nani katika dunia hii aliwahi kulalamika kwa kuzidishiwa?

Feni zimeanza kuimba. Zikapanda. Zikapanda tena. Kelele kama nyuki wameibiwa asali. Nilipofika kuichomoa, ya tano imepasuka! Panga lake moja limeruka, limeipiga simu yangu iliyokuwa mezani, likatoka dirishani. Paka wa jirani hajaonekana tangu Adhuhuri.

Kioo cha simu kimekwenda chote. Inalia, naweza kuipokea, ila haionyeshi anayepiga ni nani. Si neno. Zamani simu zote zilikuwa hivyo na watu walielewana vizuri zaidi.

Chaja nimeirudisha mahali pake, ya moto kidogo. Feni ya akiba nimeitia pahala pa ile iliyokufa. Amne kauliza simu imefanya nini. Nimesema imeanguka. Kauliza imeangukiwa na nini.

Jumapili, 2 Februari

Nimefuata maneno ya Ulfat. Yote. Nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, pawa saplai, nobu. Imenichukua tangu baada ya chai mpaka Alasiri, na kidole kimoja nimekiunguza kwa solda ya kuungia nyaya.

Zimezunguka. Feni kumi na mbili, polepole, bila kelele. Nikaigeuza nobu, zikaongeza. Nikairudisha, zikapunguza. Nilikaa mbele yake kwenye mkeka nikaacha upepo unipige kifuani, na nikakumbuka mwaka ule kisiwa kizima kilipokosa umeme miezi mitatu. Nadhira alikuwa na miaka minane. Nilikuwa nikimpepea kwa kipepeo cha ukindu mpaka mkono unakufa ganzi, nikibadilisha mkono, na yeye akisema, akiwa na usingizi, Baba usiache. Sikuacha hata mara moja miezi mitatu ile. Sasa anakwenda zake, na mtu wa kumpepea ni mwengine. Nimehuzunika. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Jumanne, 4 Februari

Nimeingia ukumbini. Ukumbi ni wa Bi Riyama, mama mwenye sauti na funguo nyingi. Nimemwambia nakagua kiti cha bi harusi kama kina usalama. Kasema kiti kile kimekaliwa na mabibi harusi mia mbili na hakijamwangusha hata mmoja. Nimesema ndiyo maana kimechoka.

Kiti chenyewe kizuri. Mbao, rangi ya dhahabu, mgongo mpana kama mlango, na ndani mtupu! Kama kilitengenezwa kikinisubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mpaka kiuno kimelia. Feni sita mgongoni, nne chini ya kiti, mbili za miguu. Matundu niliyoyatoboa nimeyafunika kwa lesi nyeupe. Huoni kitu. Bi Riyama kapita mara mbili, kaona miguu yangu tu inatokeza, kauliza usalama umefika wapi.

Tatizo moja kubwa. Wanawake wakishaingia, mwanamme haruhusiwi hata kuchungulia. Ndivyo ilivyo na ndivyo itakiwavyo. Kwa hiyo nitaziongoza feni nisizoziona, kwa ajili ya mtoto nisiyemuona.

Nimefikiri. Nobu nimeifunga waya wa mita thelathini, nimeupitisha nyuma ya pazia, umetoka kwa dirisha la nyuma mpaka barazani, ambako nitakuwa nimekaa na nobu chini ya kofia. Na nitajuaje anahisi joto? Kwa bipu! Ulfat kaalikwa. Atakuwa ndani. Bipu moja, ongeza. Bipu mbili za kufuatana, punguza. Haigharimu kitu, haihitaji maneno.

Nimemweleza Ulfat. Kasema sawa.

Kaisema kama ninavyoisema mimi.

Alhamisi, 6 Februari

Umeme umekatika mara mbili leo. Pawa saplai bila umeme ni tofali. Nimekimbilia kwa Ulfat. Kasema betri ya gari ni volti kumi na mbili kamili, feni kama zile itaziendesha mchana kutwa na isichoke. Kauliza betri ninayo. Nimesema shemeji yangu anayo. Kauliza kama ni nzuri. Nimesema ni mpya. Hakuuliza zaidi, na mimi si mtu wa kumjazia mtu habari asizozitaka.

Jioni kaja Abdulla. Kajisifu mpaka kahawa ikapoa. Jenereta lake lina uzito wa ng'ombe, halisogei ila kwa pikapu yake. Jumamosi saa kumi pikapu italileta ukumbini, umeme ukikatika yeye atabonyeza tu na wanawake wote watamwombea dua. Kanigonga begani, kasema, "Wewe kaa utulie, shemeji, joto si kazi yako."

Nimetabasamu. Nimemwongeza kahawa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemwoza binti yangu. Msikitini, baada ya Alasiri. Nimemshika mkono Muhammad, nimesema maneno yanayotakiwa. Sauti imenikatika mara moja. Nimewaambia watu ni joto.

Halua ilikuwa nzuri. Abdulla kala sahani mbili.

Jumamosi, 8 Februari

Saa tatu asubuhi. Abdulla kaenda sokoni kwa miguu. Nimeiazima betri ya pikapu. Ningemwomba angekataa, na kumwomba mtu jambo atakalolikataa ni kumtia dhambini bure. Nimeibeba ndani ya kikapu, juu yake nimetandika mchicha. Nzito! Watu watatu njiani wamenipa pole ya kubeba mchicha.

Saa tano. Betri iko nyuma ya kiti, imefunikwa kitambaa. Nimejaribu. Zote kumi na mbili zimeitika. Bi Mwatima, somo aliyemfunda Nadhira, alikuwa akipanga vyetezo vya udi. Kauliza lesi ile mpya katia nani. Nimesema siijui.

Saa kumi na robo. Naandika hapa barazani, nyuma ya ukumbi. Nobu chini ya kofia, simu pajani. Wanawake wanaingia kwa mlango wa mbele, nasikia marashi yao hadi huku. Wazee wenzangu wako upande wa pili na bao. Nimewaambia naumwa mgongo.

Saa kumi na nusu. Vigelegele. Kaingia. Nimeifungua nobu nusu.

Saa kumi na dakika arobaini. Umeme umekatika! Nimewasikia wanawake mia tatu na arobaini wakiguna kwa pamoja. Mafeni ya Abdulla yamekufa, yote manne. Jenereta halipo. Liko wapi? Saa kumi lilitakiwa liwe hapa. Haya ndiyo mambo ya watu wa kujisifu. Joto ndani litakuwa la tanuri, na katikati ya tanuri mtoto wangu peke yake anapata upepo. Alhamdulillahi.

Bipu! Nimeongeza.

Bipu. Nimeongeza tena. Maskini mwanangu, joto limemzidi.

Bipu mbili. Nimepunguza. Bipu. Nimeongeza. Bipu, bipu. Nimepunguza. Ulfat yuko macho, namsifu. Bipu. Sijawahi kuhitajiwa namna hii tangu nistaafu.

Saa kumi na moja na nusu. Bipu kumi na tisa mpaka sasa. Nobu imekuwa ya moto au ni mkono wangu. Ndani kumetokea kishindo, halafu mbio, halafu kimya. Kimya kirefu. Nimesimama. Nimekaa. Halafu vigelegele vikubwa kuliko vya mwanzo, na nimesikia watu wanalia. Sijui ni nini. Nimeongeza kidogo, kwa tahadhari.

Saa kumi na mbili kasoro. Kaja Abdulla, mbio, kwa miguu kutoka kwake, shati limelowa lote. Pikapu haiwaki. Haina betri! Kaibiwa betri mchana kweupe, na jenereta limekaa juu ya pikapu kama ng'ombe juu ya paa. Kanigombeza kwa nini simpigii simu. Kwa kuwapigia mafundi salio lilimbakia la kubipu tu, kwa hiyo kakaa akinibipu nimpigie.

Nimemuuliza kabipu mara ngapi.

Kasema kumi na tisa, ishirini, hakuhesabu.

Nimetazama nobu. Nimeirudisha kofia juu yake.

Basi Ulfat hakubipu hata mara moja? Na hapo nikakumbuka jambo ambalo kila mtu mjini analijua. Bi Riyama hukusanya simu zote mlangoni, asije mtu akapigwa picha hana buibui. Simu ya Ulfat ilikuwa ndani ya beseni la plastiki tangu saa kumi. Na mimi nalijua jambo hilo. Nimelijua leo, saa kumi na mbili kasoro.

Jumapili, 9 Februari

Amne kanisimulia yote, kidogo kidogo, huku akikunja nguo, bila kunitazama.

Umeme ulipokatika, ukumbi uligeuka chungu. Wanawake walijipepea kwa kadi za mwaliko, kwa viatu, kwa sahani. Nadhira peke yake alikaa mkavu, mtandio unacheza kidogo mabegani kama yuko ufukweni. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba mtoto huyu ana nuru.

Halafu upepo ukazidi. Bi Mwatima alikuwa kakiweka kimoja cha vyetezo nyuma ya kiti kisionekane. Feni zikauvuta moshi wote wa udi, zikautema mbele. Bi harusi kapotea ndani ya wingu! Halafu likapungua, akaonekana. Halafu akapotea tena. Wanawake wengine walidhani ndivyo ilivyopangwa, wakapiga vigelegele kila alipotokea. Hapo Ulfat kanyanyuka, kapita nyuma ya pazia, kauondoa ule udi, kaukata waya wangu kwa mkasi wa kucha, kafunga nobu yake ya akiba, na kachuchumaa huko huko mpaka mwisho, akiendesha feni kwa mkono wake kama inavyotakiwa. Kwa maneno ya Amne, tangu wakati huo mimi nilikuwa nje nikizungusha nobu isiyofungwa na kitu.

Hilo sijalikubali bado.

Kisha mtu kazimia. Si Nadhira. Amne! Mke wangu, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi akipokea wageni, kaenda chini mbele ya jukwaa. Watu wakapiga kelele walete maji, walete marashi. Na Nadhira kasimama. Bi harusi hasimami, wala hanyanyui macho, hata nyumba ikiungua. Yeye kasimama, kashuka na nguo yake nzito, kamnyanyua mama yake kwa mikono ya hina, kamkalisha kwenye kiti cha dhahabu, na mwenyewe kapiga magoti pembeni yake kwenye joto, jasho likimtiririka, rangi nyeusi ya piko ikimchuruzika hadi viwikoni. Hakuzimia. Amne kasema kazinduka akasikia upepo mgongoni, upepo miguuni, kadhani kashafika peponi, halafu kamuona Bi Riyama akajua bado.

Ukumbi mzima ulilia. Yamesemwa, ndiyo, na yameshafika Makunduchi. Yanasemwa kwamba mwana kama yule hajaonekana Kikwajuni.

Nimeuliza kama upepo ulimfaa. Amne kaikunja shuka mara nne. Kasema ulikuwa mzuri sana. Halafu kasema kama betri ingekuwa kwenye pikapu ya Abdulla, jenereta lingefika, na yeye asingezimia, na watu mia tatu wasingechemka. Na kwamba la kuvunda halina ubani, na akisema la kuvunda ananikusudia mimi.

Alasiri wamekuja kumchukua Nadhira. Kanibusu mkono. Kasema alinitaka nisimfanyie kitu, na siku ile ile aliyoniomba alimpitia Ulfat akamwambia amtupie jicho baba yake, kwa sababu alijua. Kasema alipokaa pale na kuusikia upepo wa kwanza mgongoni, kabla ya moshi, alikumbuka kipepeo. Kasema hajasahau hata mara moja kwamba sikuacha.

Nililia. Sikusema ni joto.

Jumatano, 12 Februari

Nyumba imekuwa kubwa. Betri nimeirudisha kwa Abdulla, nimeifuta vumbi kabisa, hakushukuru. Hasemi nami. Kakaa siku tatu kanuna, na kesho atakuja kunywa kahawa, kwa sababu kwake kahawa ni mbaya.

Bi Riyama kaniita. Nilidhani ni kwa ajili ya matundu. Kumbe mabibi harusi wawili wameshataka "kiti cha upepo" na hawataki kingine. Kamwajiri Ulfat akitunze kiti. Ulfat! Feni zangu, matundu yangu, kiuno changu! Ulfat kanikuta njiani, kanipa shikamoo, kasema jina langu kaliandika kwa kalamu ndani ya mgongo wa kiti. Nimemwambia marahaba, haikuwa lazima. Nimekwenda kutazama. Kaandika vizuri.

Leo nimeukunja ule waya wa mita thelathini. Mwisho wake umekatwa sawasawa na umefungwa tepu nyeusi kwa ustadi. Nimeutazama sana. Nadhani ulikatika wenyewe, mwisho mwisho, baada ya kazi kubwa kuwa imeshafanyika. Ile tepu ni tabia tu ya Ulfat, hufunga kila anachokiona.

Nimekaa kutafakari, kama mtu mzima, nilipokosea. Nimepaona. Feni zilikuwa chache.

Baada ya Adhuhuri simu imelia. Sikujua ni nani mpaka aliposema Baba. Ni mzima. Mama mkwe wake anampenda. Kasema Uroa hakuna joto kabisa. Upepo wa pwani unaingia mlango huu unatoka ule mchana kutwa, mapazia hayatulii, sahani za plastiki wanaziwekea mawe zisiruke. Analala vizuri kuliko alivyolala maisha yake yote. Ana ombi moja tu: nisimpelekee kitu chochote. Niende mwenyewe, mikono mitupu, nikale samaki.

Nimesema sawa.

Kwenye kasha zimebaki feni nane, zote nzima. Gari ya kwanza ya Uroa inaondoka saa moja asubuhi. Pikapu ya shemeji bado haina kufuli.